Sifa za Fundi wa Breki

Land Rover kuukuu ya jeshi ikiletwa gereji, iwe Changamwe, Kisauni au Likoni, watu huizunguka wakiuliza habari za injini. Mimi namsifu fundi anayeanza na kikopo cha mafuta ya breki. Gari hizi zilianza kuuzwa mwaka 1948, zikatumikia majeshi mengi, la Kenya likiwemo. Zilizobaki zimepita mikono mingi. Nani alitia mafuta gani, na lini? Mara nyingi hakuna karatasi inayosema, na fundi hodari hakubali kubahatisha.

Hufyonza mafuta kidogo kwa bomba la sindano, akadondosha tone katika glasi ya maji. Likiyeyuka, hayo ni ya glikoli, jamii ya DOT 3 na DOT 4. Likijitenga, ni silikoni, au mbaya zaidi, kuna aliyetia mafuta ya injini au ya gia. Hapo hufungua silinda kuu, akaibonyeza mipira yake kwa kidole gumba. Mpira wa breki ulioguswa na mafuta kama hayo ya injini au ya gia huvimba na kulainika, na magurudumu huanza kushikwa hata mguu ukiwa umeondoka. Kusafisha peke yake hakutoshi. Mipira yote hutupwa, na hosi pia.

Pwani ina mtihani wake. Glikoli hunyonya unyevu, na hewa yetu imejaa unyevu mwaka mzima. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 155. Teremka na mzigo kutoka Mazeras kuja Miritini, mguu haubanduki kwenye breki, ndipo utakapojua maana ya tofauti hiyo. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama hadi chini.

Wengine huona dawa ni silikoni, yaani DOT 5. Jeshi la Marekani liliichagua miaka ya 1980, na kwa magari yanayokaa ghalani muda mrefu ina faida: hainyonyi unyevu wala haibabui rangi. Lakini maji yakipenya hutuama mahali pa chini na kula chuma. Tena haichanganywi na glikoli hata kidogo. Kwa gari linalopanda feri ya Likoni wiki baada ya wiki, fundi ninayemwamini hutia DOT 4, kisha huimwaga yote na kutia mpya kila miaka miwili, hata kama breki bado zinashika vizuri.

Kazi hii haionekani gari likishapakwa rangi, na ndiyo maana wenye magari hubishana juu ya malipo yake. Wasibishane. Bei ya kikopo ni ndogo. Kinacholipiwa ni ujuzi wa kutambua kipi kisitiwe, na ujuzi huo ndio unaomfikisha dereva chini ya mlima akiwa mzima.