"Maoni" au "Hoja ya Mjadala"?

Katika baadhi ya vyuo, mwanafunzi wa saikolojia hupata alama za somo kwa kuhakiki makala fupi zinazoijibu makala kuu ya jarida. Mfasiri huelekea kuziita "maoni". Istilahi hii inapotosha. Maoni hutolewa na yeyote pasipo kudaiwa ushahidi. Hivyo mwanafunzi ataandika tu kwamba anayakubali au anayakataa. "Sherehe" nayo haitoshi, kwani hufafanua matini bila kuipinga.

Tutazame mfano. Mwaka 1978 jarida la Behavioral and Brain Sciences lilichapisha makala ya Premack na Woodruff iliyouliza kama sokwe hutambua yaliyomo akilini mwa mwingine. Katika majibu mafupi yaliyofuata, wanafalsafa, Dennett akiwemo, walionyesha kwamba kipimo thabiti ni kutambua kuwa mwenzako anaamini jambo lisilo kweli. Mwaka 1983 Wimmer na Perner waliwapima watoto kwa njia hiyo. Kurasa chache zilizaa utafiti mpya.

Kwa hiyo tunapendekeza "hoja ya mjadala". Istilahi hii itamkumbusha mwanafunzi, na mwalimu anayemsahihisha, kwamba kinachohakikiwa ni dai, ushahidi wake na namna ya kulijaribu.