ZOEZI, JARIBIO NA UTAFITI: UHAKIKI WA ISTILAHI ZA MAABARA YA KEMIA

Mwaka 2004, kwa fedha za Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, ulianzishwa mpango ulioitwa CASPiE, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Purdue. Wanafunzi wa kemia wa miaka ya mwanzo walipewa moduli za wiki 6 hadi 8. Kwanza walijifunza mbinu. Kisha wakabuni maswali yao ndani ya utafiti halisi wa mwanasayansi, kwa mfano juu ya vizuiaoksidisho vya vyakula. Majibu hayakuwamo kitabuni, na mwalimu naye hakuyajua.

Hivi karibuni tumepitia rasimu ya mwongozo wa Kiswahili kwa wakufunzi wanaotaka kuzifuata moduli za namna hiyo. Ingawa kemia ya vyuo vyetu hufundishwa kwa Kiingereza, mara nyingi wanafunzi huelezana kwa Kiswahili wawapo kazini maabarani. Kwa hiyo juhudi hii twaipongeza. Majina ya vifaa, kama vile bureti na pipeti, yametumiwa kwa uthabiti.

Hata hivyo, rasimu ina kasoro tatu. Kwanza, kila kazi imeitwa "zoezi". Neno hili latokana na kuzoea. Lafaa kwa wiki za kujifunza mbinu tu. Baada ya hapo kila hatua iitwe "jaribio", na kazi nzima "utafiti".

Pili, "jibu sahihi" limetiwa mahali pa "matokeo". Atafutaye jibu sahihi huacha kutazama chupa yake, akatazama daftari la jirani.

Tatu, na hili ndilo zito, "kosa" limebebeshwa maana mbili: uzembe wa mtendaji, na tofauti isiyoepukika katika kupima. Bureti yenye mistari ya mililita 0.1 husomwa kwa makadirio baina ya mistari. Vipimo vitatu vikitofautiana kwa mililita 0.05, ni nani aliyekosa? Mwanafunzi aliyezoea kukatwa alama kwa kosa atazifuta tarakimu zake, na utafiti utakufa hapo hapo. Twapendekeza "hitilafu ya upimaji", kwani hitilafu kwa asili ni kutofautiana. "Kosa" libakie kwa uzembe.

Moduli haiwi utafiti kwa kubadilishiwa jalada. Tunawaomba walimu wa kemia watuletee maoni yao kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.