Kingamwili Mbili Katika Tyubu Moja: CD4 Inavyohesabiwa

Kituo cha afya cha Ekerenyo au Kenyenya kikikosa mashine ya kuhesabu seli za kinga za CD4, damu hutiwa kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau na kusafirishwa hadi maabara kubwa ya Nyamira au Kisii mjini. Inayorudi ni namba moja tu kwenye karatasi. Mgonjwa huambiwa, "CD4 zako ni 180," na kwa namba hiyo daktari huamua mengi. Nataka tuifuatilie namba hiyo mpaka inakotoka, kwa sababu ni rahisi kuiharibu njiani bila mtu kujua.

Tatizo la kwanza ni kuitambua seli yenyewe. Maikrolita moja ya damu ina seli nyekundu milioni 4 au 5, na seli za CD4 mia kadhaa tu. Chini ya hadubini, limfosaiti (kundi la seli nyeupe lenye hizo za CD4) zote zinafanana: ile ya CD4 huwezi kuitofautisha na jirani yake kwa macho. Tofauti iko kwenye protini zilizojitokeza juu ya ngozi ya seli, na protini hizo zinahitaji kitu cha kuzishika bila kukosea.

Kitu hicho kilipatikana kwa kazi ya Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, mwaka 1975. Waliichukua seli ya panya inayotengeneza kingamwili moja maalumu, wakaiunganisha na seli ya saratani isiyokoma kugawanyika. Seli chotara iliyozaliwa ikaendelea kutoa kingamwili ile ile, ya ukoo mmoja, miaka nenda miaka rudi. Mwaka 1979 Patrick Kung na wenzake nchini Marekani walitangaza kingamwili za namna hiyo zilizoshika alama za seli T (aina ya limfosaiti) za binadamu, OKT4 ikiwa mojawapo. Alama iliyoshikwa na OKT4 ndiyo tunayoiita leo CD4. Mwaka 1984 watafiti wa London walijaribu kingamwili 155 ili waone ni ipi itakayoizuia VVU kuingia kwenye seli. Zote 14 zilizoshika CD4 ziliizuia. Mlango wa virusi ulijulikana hivyo.

Turudi maabara. Kwa mashine ya FACSCount, iliyotumika sana Afrika Mashariki, kwenye tyubu ya kupimia hutangulizwa kingamwili mbili. Ya CD4 imebandikwa rangi ing'aayo inayotokana na mwani mwekundu; ya CD3 ina rangi nyingine. Kwa nini mbili, ilhali tunatafuta CD4 pekee? Kwa sababu monosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, nazo zina CD4, ingawa kidogo. Ukitumia kingamwili moja, zinaweza kuingia kwenye hesabu na kuikuza, na mgonjwa aonekane ana kinga asiyokuwa nayo. CD3 iko kwenye seli T, haiko kwenye monosaiti. Kwa hiyo seli inahesabiwa tu ikiwaka rangi zote mbili inapopita mbele ya leza.

Kisha kuna shanga ndogo mno, ambazo idadi yake ndani ya tyubu inajulikana. Tuseme ni 50,000, na damu iliyoongezwa ni maikrolita 50. Mashine ikihesabu shanga 2,000 na seli 360 za CD4, hesabu ni 360 gawanya kwa 2,000, mara 50,000 gawanya kwa 50. Jibu ni 180. Sasa mkono wa mpimaji uteleze, aingize maikrolita 56 badala ya 50. Damu ni ile ile, lakini karatasi itasoma karibu 202. Mstari wa hatari ni 200, na mgonjwa yule amevushwa na tone dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Ndiyo maana fundi mzuri wa maabara namheshimu kuliko mashine yake.

Safari nayo ina masharti. Damu hiyo haitakiwi kugandishwa wala kulazwa juu ya barafu; inataka joto la kawaida la chumba na kupimwa ndani ya saa 48. Mvua ikiharibu njia za milimani za Manga au Marani, saa hizo huisha haraka.

Tangu Kenya ilipoamua mwaka 2016 kwamba kila mwenye VVU aanze dawa bila kusubiri CD4 zishuke, kipimo hiki kilianza kuonekana hakina kazi. Naona hilo ni kosa la hatari. Mtu anayefika amechelewa, au aliyeacha dawa akarudi, anaweza kuwa chini ya 200 huku anatembea na kuchuma majani chai kama kawaida. Bila namba hiyo, hakuna atakayefikiria kumpima kuvu wa kriptokoka, anayeingia kwenye utando wa ubongo na kuua.

Siku hizi kuna kijiti cha VISITECT, kisichohitaji umeme wala leza. Damu ya kidole inatosha, na majibu husomwa baada ya dakika 40. Hakitoi namba, mpimaji analinganisha mstari wa mgonjwa na mstari wa 200. Kingamwili zake zinalenga mkia wa CD4 ulio ndani ya seli, ili vipande vya CD4 vinavyoelea kwenye damu visihesabiwe. Kazi yake ni ngumu kwa macho pale mistari inapokaribiana, na hapo mafunzo yanahitajika kweli. Lakini katika zahanati iliyo mbali na lami, mgonjwa ambaye mstari wake umefifia kuliko ule wa 200 anaweza kupimwa kriptokoka siku hiyo hiyo, kabla hajapanda boda kurudi nyumbani.