Hongera, waokoaji wa Corippo

Corippo ni kitongoji kilichong'ang'ania mteremko wa Bonde la Verzasca, kusini mwa Uswisi. Katikati ya karne ya 19 kilikuwa na watu karibu 300. Kilipounganishwa na majirani mwaka 2020, hawakuzidi ishirini. Nyumba zake ni mawe matupu, hata paa: vibamba vizito vinavyolaliana juu ya boriti nene. Fundi akikosea, mvua huingia.

Wakfu ulioundwa 1975 kuziokoa unastahili pongezi. Haukuzigeuza makumbusho, jambo ambalo lingekuwa rahisi zaidi. Mwaka 2022 ilifunguliwa hoteli iliyotawanyika katika nyumba hizohizo: chumba hapa, kingine kule, na mgeni hufuata chakula kwa miguu vichochoroni. Moshi wa jikoni umerudi.