Msailiwa wa Nne ni nani? Wasimamizi wasiotajwa katika tasnifu zetu za utamaduni

Fungua tasnifu yoyote ya uzamili inayohusu utamaduni wa Pwani. Kurasa za mwanzo zimejaa majina. Yupo mwanafunzi, wapo wasimamizi wake wawili na sahihi zao. Katika shukrani utamkuta mwenyekiti wa idara, mratibu wa masomo ya uzamili, mume au mke aliyevumilia taa kuwaka hadi usiku wa manane, na pengine dada wa saiberi aliyepiga chapa. Ukifika sura ya nne ndipo wanapoanza kusema watu wenye nambari: Msailiwa wa Kwanza, Msailiwa wa Saba, M12. Hao ndio waliofundisha.

Wiki hii nataka tulitazame neno hili, msailiwa, kwa jicho kali kidogo. Kusaili ni kuuliza, hivyo basi msailiwa ni aliyeulizwa. Kisarufi halina kasoro. Tatizo ni kwamba linamwachia mwulizaji kazi yote. Mzee wa watu hafanyi lolote ila kukaa akingoja swali! Wengine husema "mtoa taarifa," neno ambalo kwangu linanukia kituo cha polisi. Nimewahi kusoma tasnifu iliyowaita wazee "data hai." Sina la kuongeza hapo.

Nakiri kwamba nami nimo katika hatia hii. Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili, katika chuo ambacho sitakitaja, niliteremka Msambweni kuchunguza msamiati wa makazi na ujirani katika Chidigo. Mkoba wangu ulikuwa na barua ya idara, kibali cha NACOSTI na barua ya afisi ya elimu ya kaunti. Mzee niliyeelekezwa kwake hakuzisoma hata moja. Aliniuliza nimefikia kwa nani, wazazi wangu ni watu wa wapi, na kama nimekula. Majibu yalipomridhisha, akaniambia nije kesho baada ya sala ya alasiri. Kwake yeye, huo ndio ulikuwa usajili.

Nikaandika sura yangu. Neno *mudzi* nililifasiri "mji," kwa kuwa sauti hizo hupatana vizuri mno: *madzi* ni maji, *mudzi* ni mji. Juu ya neno hilo nikajenga hoja ndefu kuhusu Wadigo na maisha ya mijini. Msimamizi wangu aliisoma sura hiyo mara mbili, akanirudishia ikiwa na wino mwekundu kwenye alama za mkato na mpangilio wa marejeleo. Hoja yenyewe aliipitisha. Niliporudi Msambweni nikamsomea mzee aya moja tu. Akacheka hadi kofia ikamtoka.

"Mwanangu," akasema, "sisi tuko hapa nyumbani kwetu, wewe umeshatupeleka Mombasa!"

Akanieleza kwamba *mudzi* alioutaja yeye ni boma, makazi ya watu wa jamaa moja, na akanitajia nani hukaa wapi ndani yake na kwa nini. Sura nzima ikabomoka. Nilichukua miezi miwili kuiandika upya, na sura hiyo ya pili ndiyo iliyonipatia shahada. Sasa niambie, msomaji, nani alikuwa msimamizi wangu? Kwenye fomu zilizotiwa sahihi yalikuwamo majina mawili, la mzee halikuwamo. Katika tasnifu nilimwita Msailiwa wa Nne.

Si kwamba nawadharau wahadhiri. Wanaoziendesha programu hizi nawajua, nami leo ni mmoja wao. Mhadhiri mmoja ana wanafunzi kumi na kitu, madarasa ya shahada ya kwanza, na makala za kuchapisha ili apandishwe cheo. Hata hivyo, katika vyuo vyetu wanaoendesha programu ndio huamua nini kihesabiwe kuwa elimu. Historia yetu yatosha kuthibitisha. Oktoba 1968, wafanyakazi watatu wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, yaani Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati, fasihi simulizi ikiwamo. Mtaala ukageuka. Okot p'Bitek naye akaja kufanya kazi katika Taasisi ya Taaluma za Kiafrika, hapo hapo Nairobi. Nyimbo na ngano zikapata nafasi darasani. Waimbaji na watambaji hawakupata nafasi katika orodha ya walimu.

Milango tangu hapo imezidi kuwa myembamba. Vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya 2014 viliifanya shahada ya uzamifu kuwa ndiyo tiketi ya uhadhiri. Kwa mhandisi au daktari sina ugomvi na sharti hilo. Kwa taaluma za utamaduni, linanipa taabu. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyetupa neno "runinga," hakupitia chuo kikuu, na wasomi kutoka ng'ambo walimfuata Mombasa wakae miguuni pake.

Tuangalie na majalada ya vitabu. Mwaka 1957 H.E. Lambert, aliyekuwa afisa wa utawala wa kikoloni, alichapisha kijitabu kuhusu Kivumba, lahaja ya Vanga na Wasini, na mwaka uliofuata akaandika kuhusu Chichifundi. Ni kazi muhimu, nazitumia hadi leo. Jaladani lipo jina moja. Kisha shika *Mgombato*, kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili iliyotoka 2004. Majina ni manne: Joseph Mwalonya, Alison Nicolle, Steve Nicolle na Juma Zimbu. Na haikutoka katika idara ya chuo kikuu, ilitoka katika shirika la kutafsiri Biblia. Jamani, hilo latutia haya kidogo.

Najua nitaambiwa kuhusu maadili ya utafiti: majina hufichwa ili kumlinda mtu. Sawa. Anayesimulia mgogoro wa ardhi Diani au siri za uganga afichwe, tena afichwe vizuri. Lakini fundi wa sengenya ambaye kijiji kizima chamjua kwa jina, tunamficha nani asimwone? Mwaka 2016 Wamakonde wa Kwale walifunga safari ya miguu kwenda Nairobi kudai vitambulisho, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Watu walitembea kilomita mamia ili majina yao yaandikwe kwenye karatasi. Siku mwanafunzi wetu atakapokwenda kuiandikia tasnifu safari hiyo, atawapa nambari?

Maadili yenyewe wazee wanayo kabla yetu. Nenda Kaya Kinondo, pale Diani, mojawapo ya misitu ya kaya iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Utafungwa kaniki kiunoni, utavua kofia, utaambiwa pa kukanyaga na pa kutokanyaga. Digrii zako zitangoja nje. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi nayo inataka jamii iridhie kwanza kabla ya maarifa yake kutumiwa. Fomu zetu za idara, nyingi nilizoziona, bado zinamtaka mzee atie dole gumba tu.

Wala sisemi kila mwenye mvi ni mwanachuoni. Wapo wazee wanaobuni, na wapo wanaomwambia mtafiti kile anachotaka kusikia, hasa bahasha ikionekana. Kupambanua hayo, na kuingiza nadharia, ni kazi ya mhadhiri. Ninachotaka ni nafasi ya tatu kwenye fomu: msimamizi wa uwandani, mwenye jina, mwenye sahihi, anayelipwa kama tunavyomlipa mtahini wa nje, na anayeisikia tasnifu ikisomwa kwa lugha anayoielewa kabla haijatetewa. Nauli ya Ukunda haijawahi kuishinda idara iliyoweza kuandaa kongamano hotelini.

Nilipofuzu nilimpelekea mzee nakala. Mjukuu wake, aliyekuwa kidato cha tatu, akawa anatusomea barazani. Kila alipofika penye Msailiwa wa Nne, mzee aliinua kichwa na kusema, "Huyu anasema kweli. Ni mtu wa wapi?" Mjukuu akanitazama mimi. Mara ya tatu nikamwambia.

Hakukasirika. Aliomba kalamu, akampa mjukuu, akamwambia amwandikie jina lake pale pembeni, kila mahali lilipopaswa kuwa. Tulikaa hadi magharibi. Zilikuwa sehemu 31.