Maneno ya Uchakavu katika Kiingereza

Kijana mmoja wa darasa la tafsiri aliniletea daftari lake, na ndani yake nikaona ameandika "hila kuukuu". Kwa Kiingereza ilikuwa "a shabby trick". Alikuwa ametazama kamusi, akaona ya kuwa "shabby" maana yake ni -kuukuu au -chakavu, akaandika kama alivyoelezwa. Lakini hila kuukuu ni hila ya siku nyingi, ijulikanayo na watu. Na Mwingereza hakusema habari za siku. Alisema kwamba aliyeitenda si muungwana. Kosa hili si la kijana, ni letu sisi walimu tuliomzoeza kuwa neno moja latosha.

Neno hilo asili yake ni jina la kale la gamba la kidonda na ukurutu. Kutoka ngozini likahamia nguoni, kisha likaingia katika tabia. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alilishutumu kuwa ni neno la mazungumzo na la maandishi duni, lisilostahili kupokewa katika lugha. Halikumtii.

Sisi twaambiwa tusiache mbacha wetu kwa msala upitao. Na mbacha ni nini ila mkeka uliochakaa? Si kwamba Waingereza hudharau kila nguo iliyoisha. Chaucer, katika hadithi zake za Canterbury za mwishoni mwa karne ya 14, alimvika mwanachuoni wa Oxford joho "threadbare", yaani lililokwisha manyoya yake, nyuzi zikabaki wazi, kwa kuwa fedha aliyoipata aliitoa kununua vitabu. Hapo hapana lawama, wala mfasiri asiitie.

"Shoddy" ni mashtaka, lakini si juu ya mvaaji. Huko Batley, katika Yorkshire, tangu mwaka 1813 hivi, matambara ya sufu yalichanwachanwa na kusokotwa tena yawe nguo, na nguo hiyo ndiyo iliyoitwa "shoddy". Haikuwa aibu, ilikuwa biashara. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hata 1865, wafanyabiashara wengine waliwauzia askari sare za namna hiyo, zikafumuka mvuani. Ndipo neno likazidi kuwa la kumlaumu mtengenezaji. Basi "shoddy work" si kazi iliyochakaa, maana pengine ilimalizika jana tu. Ni kazi ya kulipua.

Kwa habari ya kuchoka, Mwingereza hukumbuka farasi. "Jaded" latokana na jina la farasi mkongwe asiyefaa tena. "Knackered" latokana na mtu aliyenunua farasi waliokwisha nguvu ili awachinje. (Hili la pili wanafunzi hulipenda mno, mbele ya wageni wa heshima afadhali wasilitamke.) Kwetu pwani mnyama wa mzigo alikuwa punda, nasi twasema tu hoi, au taabani. Lakini "jaded" si hoi. Mtu wa namna hiyo aweza kuwa amelala usiku kucha, ila hapana tena kitu kimpendezacho. Amekinai. Neno hili lapita -choka kwa mbali, nami sijaliona bado katika daftari hata moja.

Kijana yule nilimrudishia lake, nikamwuliza ni nani alaumiwaye katika sentensi. Akafikiri kitambo, akafuta "kuukuu", akaandika "hila isiyo ya kiungwana".