Namna ya kumpima tabibu wa qigong

Anayejifunza qigong, mazoezi ya Kichina ya mkao na pumzi, ili atibu wengine huwa na haraka ya kujua viganja vyake vitapata moto lini. Mjuzi hutazama kwanza anavyosimama. Amsimamishe wima, magoti yamelegea, mikono imezungushwa mbele ya kifua kana kwamba anakumbatia mti, kisha asubiri. Mabega yakipanda na taya zikikaza ndani ya dakika tano, huyo bado hajafika kwa mgonjwa, hata akiwa na cheti chenye mihuri mitatu.

Qigong ilipata umaarufu China miaka ya 1950 kupitia Liu Guizhen, kada wa chama aliyesema mazoezi hayo yalimponya vidonda vya tumbo. Katika kituo chake cha Beidaihe, wagonjwa walifanya mazoezi wenyewe. Walimu waliodai kurusha nguvu kwa wengine, mpaka kujaza kumbi nzima, walivuma zaidi miaka ya 1980. Kwa hiyo mwalimu anayestahili ada yake humwachia mgonjwa kitu cha kufanya nyumbani, kwa mfano baduanjin, yenye mikao minane tu.

Na ule moto wa viganja?

Mtu akitulia, damu hushuka mikononi na viganja hupata joto. Inapendeza, lakini haithibitishi kwamba kuna nguvu inayorushwa. Mwaka 1998 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha jaribio la msichana mdogo, Emily Rosa, juu ya matabibu 21 wa tiba inayofanana na hii. Walipitisha mikono chini ya pazia, yeye akaweka wake juu ya kiganja kimoja, nao wabashiri ni kipi. Katika majaribio 280 walipatia asilimia 44. Kurusha sarafu kungewapa 50! Jaribio hilo linahitaji kitenge kimoja na rafiki mwaminifu. Mwalimu anayekasirika akiombwa alifanye ameshajibu.

Bunia, mji mkuu wa mkoa wa Ituri mashariki mwa Kongo, ina vipimo vyake vya kumpima tabibu. Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua zaidi ya watu 2,200 katika Kivu Kaskazini na Ituri, na mji mzima ulijifunza kunawa kwenye ndoo ya mlangoni. Tabibu asiyenawa mbele ya mgonjwa aachwe hapohapo. Kugusa nako kuna ruhusa yake: miongoni mwa waliokimbia vita, kama walioko kambi ya Kigonze, wapo wanaoshtuka mkono ukiwakaribia kutoka nyuma. Mwenye ujuzi hukaa mbele yao, huuliza, na akikataliwa hufundisha kupumua bila kuwagusa.

Kinachobaki ni homa. Ituri ni nchi ya malaria. Tabibu anayeinua mikono juu ya mtoto mwenye joto kali kabla hajamtuma hospitali akapimwe damu hafai, na anayedai dola za ziada ili “afungue nguvu” za mwanafunzi hafai vilevile.